Ukungu Kwenye Gari la Babu

Wiki iliyopita nilipeleka gari langu kwa vijana wanaoosha magari karibu na mto, hapa Migori. Nikiwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki nikisubiri, mmoja wao alifungua kopo, akachota kwa kidole kitu kizito kama uji wa wimbi uliolala, akakipaka kwenye mlango wa gari la mtu mwingine. Upepo ukaniletea harufu yake: mafuta ya taa, chaki, na kitu kingine kilichofanana na kitabu kipya cha shule. Sikuhitaji kuuliza ni nini. Nilifumba macho, na papo hapo nikajikuta kwenye banda la ng'ombe la Babu, kipande cha fulana kuukuu mkononi, vidole vimegeuka vyekundu, na Dani, bibi yangu, akiita kutoka jikoni kwamba chai inapoa na hatarudia kuipasha.

Mimi nilizaliwa Nakuru. Mama alipojifungua mapacha, Baba aliangalia chumba chetu kimoja, akaangalia watoto, akanileta kwa wazazi wake nje kidogo ya mji wa Migori, upande wa barabara inayokwenda Isebania. Ilikuwa nikae likizo moja tu, lakini nilikaa mpaka mapacha wakaanza kutembea. Kijaluo changu kilikuwa cha kuokoteza, kwa hiyo nyumba nzima ililazimika kuzungumza nami kwa Kiswahili. Bibi alikubali hilo kwa sharti moja, kwamba yeye nimwite Dani kama wajukuu wengine. Babu hakuwa na sharti. Kiswahili kilikuwa lugha yake ya kazi. Ujana wake wote alikuwa dereva wa kiwanda cha pamba upande wa Homa Bay, na alipoacha kazi hiyo alinunua gari la meneja wake, gari refu lenye buti ambalo lingeweza kubeba ndama akasimama.

Baba alikuwa amenisimulia njia nzima kuhusu gari jekundu la Babu. Gari nililolikuta uani lilikuwa na rangi ya ufizi. Nilipitisha kidole kwenye mlango, kikatoka na unga mweupe wenye wekundu kwa mbali. Nilijua mara moja tatizo ni nini. Shuleni Nakuru kulikuwa na msichana mwenye ukurutu, ngozi ya mikono yake ikipukutika vivyo hivyo, na mwalimu alikuwa ametukataza kushika vitu vyake tusije tukaambukizwa. Nilijipangusa kidole kwenye gauni, kisha nikaogopa gauni.

Wakati ule nyumba nzima ilikuwa ikizungumzia jambo moja, harusi ya Waya Achieng'. Waya ni shangazi. Huyu alikuwa mtoto wa mwisho wa Babu, mwalimu wa watoto wadogo Homa Bay, na alikuwa anaolewa katika kanisa la hukohuko. Bwana harusi alikuwa na marafiki wenye magari mapya, na alituma ujumbe kwa heshima zote kwamba angeleta moja limbebe bibi harusi. Babu alichukia kana kwamba ametukanwa.

"Achieng' alienda kliniki na hii gari," alisema, akiigonga boneti kwa kiganja. "Akaenda shule ya bweni na hii gari. Kanisani ataenda na hii gari, na mimi ndiye nitaiendesha."

"Na hiyo rangi ya chokaa?" Dani aliuliza. Alikuwa akichagua mchele, hakuinua hata uso.

"Rangi itarudi, Nyar Kosele."

Hivyo ndivyo alivyomwita siku zote, binti wa Kosele, kwa sababu huko ndiko alikomwoa. Akikasirika pia alimwita hivyo. Tulijua hali ya hewa kwa namna alivyolitamka.

Siku ya pili akaja Fundi Marwa. Alikuwa Mkuria, mrefu, mpiga rangi wa magari pale mjini, na kwa vile alikulia karibu sana na mpaka, Kiswahili chake kilikuwa na ladha ya Tanzania. Alikuwa na tabia ya kucheka kidogo kabla ya kusema, kama mtu anayejitengenezea njia. Alilizunguka gari, akalipapasa kwa nyuma ya vidole kama mama anayepima homa ya mtoto.

"Mzee, hii rangi haijafa," alisema. "Jua limeunguza ngozi ya juu tu. Ya chini iko hai."

Aliposema ngozi, nilitazama mikono yangu.

Ng'ombe walifukuzwa bandani, wakasimama nje wakitushangaa muda wote wa kazi ile. Marwa alitaka kivuli, kwa sababu dawa ikikaukia juani inang'ang'ania. Gari lilioshwa, likakaushwa, kisha akafungua kopo lake. Dani alikuwa amechana fulana zote za zamani za Babu, na mimi nikapewa kipande na eneo langu mwenyewe, sehemu ya chini ya mlango wa nyuma, mahali ambapo mtu mzima angelazimika kupiga magoti.

"Usizungushe mkono," Marwa aliniambia. "Nenda na urudi. Kama unapiga pasi."

Nilienda na kurudi. Nyinyi wa rika langu mnakumbuka jinsi tulivyosugua sufuria kwa majivu mpaka tukaziona sura zetu. Nilidhani ni kazi ileile. Lakini nilipogeuza kitambaa nikakuta kimelowa wekundu mzito. Nilipiga yowe.

"Linatoka damu!"

Marwa alicheka mpaka akaketi chini. Akachukua kitambaa kikavu, akafuta pale niliposugua, na hapo nikaona jambo ambalo sijapata kulieleza vizuri hadi leo. Katikati ya ule mlango wa rangi ya ufizi palikuwa na dirisha dogo jekundu. Wekundu wa nyanya iliyoiva hadi karibu kupasuka. Ulikuwa umekaa mle ndani miaka yote, chini ya ule unga, ukisubiri. Dani alitoka jikoni, mikono ina unga wa ugali, akainama akatazama. Kisha akarudi jikoni, na mara tukamsikia akiimba.

Tulifanya kazi ile siku nyingi, kipande kwa kipande. Marwa akija asubuhi alinikuta nimeshaketi bandani. Paa, milango, madigadi, buti. Nilijifunza kusikia rangi iliyokufa na rangi iliyo hai. Ile iliyokufa hukwaruza chini ya kitambaa kama kisigino kikavu kwenye shuka, na ikishaondoka kitambaa kinateleza kimya. Ndege wa banda lile walituzoea wakaanza kutuangushia mavi, na Marwa aliwatukana kwa Kikuria, lugha ambayo sikujua hata neno moja lakini nilielewa yote.

Gari lilipogeuka jekundu lote, tulilisukuma nje juani. Nilikuwa tayari nikishangilia, lakini Marwa aliinua mkono. Jua lilikuwa limejitazama kwenye boneti, na kulizunguka lile jua kulikuwa na mistari myembamba isiyohesabika, yote ikizunguka, kama utando wa buibui uliojaa umande.

"Nani alikuwa anaosha hii gari?" Marwa aliuliza.

"Mimi mwenyewe," Babu alisema kwa fahari. "Kila Ijumaa kabla jua halijatua, ili Sabato iikute safi."

"Kwa kitambaa gani?"

"Kitambaa cha nini? Gunia. Gunia la katani linatoa uchafu wote."

Marwa alijifunika mdomo. "Mzee, umekuwa ukiikwaruza kila Ijumaa kwa mapenzi."

Babu alicheka mpaka akakohoa. Aliinama, akasogeza uso karibu na boneti, akasema, "Ndiyo, ndiyo, naona mikwaruzo." Sasa najua kwamba hakuona kitu. Lakini siku ile alisema naona, nasi tukamwamini, kwa nini tusimwamini?

Marwa alileta kopo jingine, laini kama mafuta ya kujipaka, akaifuta ile mistari mmoja baada ya mwingine, kisha akapaka nta. Alipomaliza, jirani mmoja aliyekuwa akipita na baiskeli alishuka akaegemea ua kutazama. Kuku walisimama mbele ya mlango wakipigana na kuku wengine waliowaona mle ndani. Nilisogea, nikaona meno yangu, na pengo langu, na mawingu nyuma ya kichwa changu.

Babu alisimama mbele ya gari lake kwa muda mrefu.

"Bado kuna ukungu," alisema.

Marwa akacheka kidogo kabla ya kusema, kama kawaida yake. "Ukungu uko wapi, Mzee?"

"Kote. Hujaumaliza. Umeipaka mafuta tu juu."

"Mzee, hii gari mtu anaweza kunyolea ndevu."

"Nimeendesha magari kabla wewe hujazaliwa. Rangi safi naijua. Hii ina ukungu, na wewe umechanganya dawa yako na sabuni ya kufulia."

Kicheko kilimtoka Marwa usoni. Alikusanya makopo yake polepole, akayapanga kwenye kikapu, akaniaga mimi, akamuaga Dani, na kwa Babu akainamisha kichwa tu. Aliondoka akisukuma baiskeli badala ya kuipanda. Dani alimwangalia mpaka akapotea.

"Jaduong'," alimwambia Babu, yaani mzee, kwa ile sauti ya chini ambayo wanawake huitumia wageni wakiwapo, ingawa mgeni alikuwa ameshaondoka, "leo umekosea."

Babu alikuwa ameshachukua kitambaa.

Kuanzia siku ile alisugua peke yake. Aliamka, akasali, akanywa chai, akaenda bandani. Alituma mtu mjini akaletewa kopo lingine la dawa kali. Kila jioni aliniita.

"Awuor, njoo uone. Ukungu umepungua?"

Mimi sikuona ukungu wowote. Lakini mtoto huzoea kwamba watu wazima wanaona vitu zaidi: wanaona mvua kabla haijanyesha, wanaona uongo kabla haujasemwa. Nikadhani ukungu ule ni wa kiwango cha wakubwa. Nikasema umepungua. Naye akasema, "Hapana, bado," akaendelea.

Asubuhi moja alichuchumaa kando yangu kunionyesha jinsi ya kukunja kitambaa. Jua liliingia bandani kupitia tundu la bati likamwangaza usoni, na kwenye jicho lake la kulia, pale ambapo panapaswa kuwa peusi, nikaona peupe. Weupe ule ule wa unga. Nikatazama jicho la kushoto. Nalo lilikuwa limeanza.

Niliruka nikarudi nyuma. Nilielewa kila kitu. Ukurutu wa gari haukuwa umekwisha, ulikuwa umehama. Ulikaa kwenye vitambaa, ukapanda mikononi mwa Babu, na Babu ana tabia ya kujipikicha macho. Na mimi je? Nilikimbia kwenye pipa la maji nikaosha mikono kwa sabuni, nikaosha tena, nikaenda kujificha nyuma ya ghala la mahindi na kuyafumbua macho yangu kwa vidole ili upepo uyapulize.

Huko ndiko Dani aliponikuta.

"Nyathini, mtoto wewe, unafanya nini?"

"Sitaki kusugua tena."

"Babu amekugombeza?"

"Hapana." Nikaanza kulia. "Gari limemwambukiza Babu. Ule ukungu umeingia kwenye macho yake."

Nilitegemea acheke. Watu wazima wote walicheka nikisema vitu kama hivyo. Dani hakucheka. Alikaa palepale chini, miguu imenyooka mbele, akiwa ameshika ungo tupu. Nilimwona akifikiri, na leo naweza kukisia alikuwa anafikiria nini. Chai iliyokuwa ikimwagwa kando ya kikombe. Babu kuacha kuendesha gari jioni, akisema anaogopa majambazi. Na Sabato ile alipompa mkono mzee wa kanisa akimwita kwa jina la marehemu kaka wa mzee huyo, tukafikiri anatania.

Aliinuka, akanishika mkono, tukaenda bandani.

Babu alikuwa ameinamia boneti, akisugua ule mgongo wake wa katikati, mahali panapoinuka kidogo. Kabla hatujafika niliona. Pale alipokuwa akisugua palikuwa pameisha rangi. Palikuwa na doa la kijivu, upana wa sahani, rangi ya chini kabisa ambayo kiwandani hupakwa kwanza kwenye bati. Kitambaa kilikuwa kikipita juu yake, nenda na urudi, nenda na urudi.

Dani alisimama karibu naye. Aliweka kidole juu ya lile doa.

"Jaduong', hapa ni rangi gani?"

"Unauliza nini? Nyekundu."

"Nyekundu kama kule mlangoni?"

"Nyekundu kama gari nzima. Una nini leo, Nyar Kosele?"

Dani aliuchukua mkono wa Babu, ule uliokuwa na kitambaa, akauweka kando. Babu akainama. Akaleta uso karibu, karibu zaidi, mpaka pua ikagusa bati. Alikaa hivyo. Kisha akapapasa kwa vidole, akalikuta doa kwa ukingo wake, pale rangi inapokoma, akaufuata ule ukingo kwa ncha ya kidole mpaka akamaliza duara.

"Wuololo," alisema taratibu.

Alikaa kwenye hori la ng'ombe. Mikono yake myekundu ilining'inia kati ya magoti. Dani alikaa kando yake, na kwa sababu hori lilikuwa dogo walibanana.

"Tangu lini?" akamuuliza.

"Mvua za mwaka jana. Mwanzoni nilifikiri ni vumbi. Halafu nikafikiri ni kioo cha gari. Nikakiosha. Halafu nikaona ni gari yenyewe imepauka, kwa sababu kweli ilikuwa imepauka, sivyo? Ilikuwa imepauka."

"Ilikuwa imepauka," Dani alikubali.

"Nilijua ikirudi nyekundu nitaona vizuri."

"Na ungembeba mtoto wangu kwenye hiyo gari? Na gauni lake? Mpaka Homa Bay?"

Babu alifunika uso kwa mikono, na alipoiondoa alikuwa ameacha alama nyekundu kwenye paji la uso. "Mimi ni dereva," alisema. "Nikiacha kuendesha, niwe nani?"

"Uwe mzee wangu," Dani alisema. "Si ndiyo kazi uliyoanza nayo?"

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, nikiogopa kukaribia, na bado nikiwa na hakika kwamba vitambaa vile vinapaswa kuchomwa moto.

Alasiri ile ile Babu alivaa koti, akaniambia nimshike mkono nimpeleke mjini. Tulimkuta Marwa chini ya lori. Babu alisubiri mpaka atoke.

"Nimekuja kukwambia gari inang'aa," alisema.

Marwa alimtazama. Kisha akanitazama mimi, na nafikiri niliufanya uso wangu useme yaliyobaki, kwa sababu alipangusa mikono na kuvuta kigoda. "Kaa, Mzee."

"Sikuona. Nilikusingizia sabuni."

"Hilo limepita. Ila ulilotengeneza kwenye boneti ningependa kuliona." Babu alikuwa amemsimulia habari za doa kabla hajakaa vizuri. Marwa akacheka kile kicheko chake kidogo. "Mimi nafuta rangi iliyokufa. Wewe umefuta mpaka iliyo hai."

Wiki iliyofuata, Marwa ndiye aliyetuendesha hadi hospitali upande wa Homa Bay ambako madaktari wa macho walikuwa wakija. Babu alikaa kushoto mbele, mahali ambapo sidhani aliwahi kukaa tangu anunue gari lile, na kila tulipofika kwenye kona alikanyaga sakafu kwa mguu wa kulia akitafuta breki. Waya Achieng' alitukuta mlangoni mwa hospitali. Alikuwa ametoka darasani, ana chaki kwenye nywele, na alipomwona baba yake akishushwa garini kwa mkono alijificha nyuma ya Dani akalia, kisha akajifuta na kuja akitabasamu. Babu hangeweza kuona alikuwa amelia. Ila alisema, "Achieng', unapumua kama mtu aliyekimbia."

Daktari alikuwa mama mfupi mwenye viatu vya mpira. Alipomaliza kumpima Babu nilijipenyeza mbele nikamuuliza swali lililokuwa likinisumbua usiku.

"Utasugua kwa dawa gani? Ile kali au ile laini?"

Dani alinivuta, lakini daktari aliinama. "Kusugua nini?"

"Ukungu. Ulitoka kwenye gari."

Ilibidi aelezwe. Nakumbuka alisikiliza bila haraka, ingawa benchi la wagonjwa lilikuwa refu hadi nje. "Haukutoka kwenye gari," akaniambia. "Na hauambukizi. Ndani ya jicho kuna kioo kidogo. Cha Babu kimechakaa, kimekuwa cheupe. Mimi sitasugua. Nitakitoa, niweke kipya."

Babu, aliyekuwa amekaa wima kama mtu anayesubiri hukumu, aligeuza kichwa.

"Kumbe ni windiskrini?"

"Ni windiskrini, Mzee."

"Si rangi?"

"Si rangi."

Niliona mabega yake yakishuka. Maisha yake yote alikuwa amebadilisha windiskrini.

Jicho la kulia lilipasuliwa mchana ule ule. Tulilala kwa Waya Achieng', na asubuhi tukarudi kumwona akifunguliwa bandeji. Chumba kilikuwa na dirisha upande wa ziwa na mwanga ulikuwa mwingi. Nilitaka awe ananitazama mimi, nikajisimamisha mbele kabisa. Daktari aliondoa pamba. Babu alipepesa, machozi yakamtiririka, akapepesa tena. Alitazama ukuta. Alitazama mikono yake, mbele na nyuma. Alinitazama, akasema, "Una pengo." Halafu akainua macho juu ya kichwa changu, kwa Dani, na akakaa hapo.

Dani alirekebisha kitambaa chake cha kichwa, lakini alikuwa amechelewa.

"Nyar Kosele," Babu alisema, "mvi zote hizi zimeota lini?"

"Zimeota ukiwa unaangalia gari," Dani akajibu.

Waya Achieng' alicheka kwanza, halafu daktari, halafu sote, na Dani mwenyewe akacheka huku akilia, akimpiga Babu kwenye goti kwa mfuko wake wa mkononi. Nilicheka kwa sababu wengine wanacheka. Ilinichukua miaka mingi, na mvi zangu mwenyewe, kuelewa Dani alikuwa amesema nini.

Babu na Dani sasa wamelala makaburini kando ya nyumba ile. Gari liliuzwa kwa mtu wa Rongo, na Baba huapa kwamba aliliona baadaye likibeba omena, dagaa wa ziwani, limerudi kuwa rangi ya ufizi. Marwa alihamia Tanzania. Ukiniuliza nini kilibaki, sitakwambia harusi, ingawa ilikuwa harusi nzuri, Jumapili yenye jua, na gari liling'aa mbele ya kanisa hata watoto wa Homa Bay wakapanga mstari kujitazama. Doa la boneti Marwa alikuwa amelipaka rangi mpya, na juu yake akafunga utepe. Daktari alikuwa amemkataza Babu kuendesha mpaka jicho lipone sawasawa, kwa hiyo Marwa alivaa tai akaendesha, na Babu akakaa nyuma kando ya binti yake, akimshika mkono njia nzima.

Kilichobaki ni safari ya kurudi. Bibi harusi alikuwa ameenda na watu wake. Marwa aliendesha, mimi nikakaa mbele, na kiti cha nyuma wakakaa Babu na Dani. Nilisikia Dani akisema kwamba hawajawahi kukaa hivyo, wote wawili nyuma, tangu gari linunuliwe, kwa maana Babu akiendesha, yeye siku zote aliachwa pale nyuma na kina mama wa kanisa na kuku. Babu hakumsikia. Alikuwa akitazama nje, akisema kwa sauti kila alichokiona. Mbuzi. Bango la soda. Mwanamke mwenye kanga ya njano. Ng'ombe, hapana, ng'ombe na ndama. Jina la duka, herufi kwa herufi.

"Jaduong', pumzika," Dani alisema. "Sisi hivyo vyote tunaviona kila siku."

"Basi na mimi niviseme," Babu akajibu, akaendelea.

Baada ya Rongo, jua likiwa limeshuka juu ya mashamba ya miwa, sauti yake ilikatika. Nilingoja jina la kitu kingine. Halikuja. Nikadhani amelala, nikageuka kwa magoti kwenye kiti ili nimwone. Hakuwa amelala. Dani ndiye aliyelala, kichwa begani kwake, kitambaa kimeteleza, mdomo wazi kidogo. Babu alikuwa ameacha kutazama dirishani. Aliponiona, aliweka kidole mdomoni, kisha akarudi kumtazama.